Mhariri, wasaidieni vijana waulize chipseti kabla hawajatoa hela ya PC ya gemu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua na kama inawezekana msinikatie sana, maana hili jambo nimekaa nalo moyoni muda mrefu. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Kariakoo, Dar es Salaam, kazi yangu kila siku ni kufungua mashine za watu, na kila nikisoma kurasa za teknolojia kwenye magazeti yetu, alafu nikiangalia na matangazo yanayozunguka WhatsApp na Instagram, naona kitu kilekile: PC ya gemu, i7, RAM 16, SSD 512, grafiki kadi 4GB, bei maelewano. Basi, imeishia hapo. Mazabodi (motherboard), yaani bamba kuu linaloshika vipande vyote vya ndani, haitajwi, na chipseti ndo kabisa hakuna anayeigusa. Na hapo hapo ndo vijana wetu wanapopigwa.

Kwa asiyejua, chipseti ni chipu iliyoko kwenye mazabodi yenyewe, mara nyingi imefunikwa na kibati cha kupozea upande wa chini kulia, ndo inayogawa poti za USB, poti za SATA na zile sloti za ziada. Zamani ilikuwa inabeba mpaka kazi ya kuongea na RAM, lakini AMD waliihamishia hiyo kwenye prosesa mwaka 2003 na Athlon 64, Intel wakafuata 2008. Kwa hiyo leo chipseti haikupi fremu nyingi (picha kwa sekunde) kwenye gemu. Prosesa ileile, RAM ileile, grafiki kadi ileile, ukihamisha kutoka chipseti ya bei ndogo kwenda ya bei kubwa gemu inabaki karibu palepale. Ila chipseti ndo inayoamua unaruhusiwa kufanya nini na hiyo prosesa uliyoinunua, na watu wengi wanalipia ruhusa ambayo mazabodi yao haina.

Kuna kijana wa chuo aliniletea mashine hapa mezani, kesi mpya ya kioo, feni zina taa za rangi zote, ndani i7-4790K. Aliyemuuzia kamwambia hiyo ina herufi K kwa hiyo unaiovakloki unavyotaka, yaani unaikimbiza kuliko spidi ya kiwandani, na bei ikapandishwa kwa sababu hiyohiyo ya K. Alitaka nimpandishie spidi. Nikaingia kwenye BIOS, ile programu ya mazabodi inayowaka kabla ya Windows, pale panapotakiwa kuwa na kizidishi, yaani ile namba inayozidishwa na 100 kupata spidi ya prosesa, hakuna kitu, hata mstari wa kubadilisha haupo. Nikawasha CPU-Z, programu inayoonesha vilivyomo ndani ya kompyuta, nikaenda kwenye kurasa ya Mainboard, kwenye mstari wa Chipset pameandikwa Haswell, hiyo ni familia ya prosesa tu isikudanganye, ukishuka mstari unaofuata wa Southbridge ndo ukweli ulipo, na pale paliandikwa Q87. Nikafungua kesi. Mazabodi ni ya mashine ya ofisi, imetolewa kwenye kesi yake ya asili, plagi yake kuu ya umeme siyo ile ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo wamechomeka adapta na kuizungushia seloteki nyeusi kisha wakaificha nyuma ya bati. Mbuzi kwenye gunia kabisa. Ile prosesa inafanya kazi vizuri tu, inafika 4.4 GHz yenyewe kama Intel walivyoiweka, lakini hapo ndo mwisho wake, na hela ya ziada aliyotoa kwa ajili ya K haikumletea chochote ambacho mazabodi ile ingeweza kumpa.

Sasa nisieleweke vibaya, mashine za ofisi si mbovu. Dell OptiPlex 7010 ya zamani ina Q77, 9020 ina Q87, 7050 ina Q270, na hizo ni mashine ngumu, zinakaa miaka na miaka. Hizo chipseti za Q zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi, fundi wa kampuni aweze kuidhibiti kompyuta akiwa mbali, na hiyo kazi zinaifanya vizuri sana. Kijana mwenye hela ndogo akichukua 9020 yenye i7-4770 ya kawaida akaweka grafiki kadi ndogo isiyohitaji waya wa umeme, anacheza FIFA na GTA V bila shida na mimi mwenyewe namshauri afanye hivyo. Ninachogombana nacho ni ile kuivua nguo ya ofisi, kuivalisha kesi ya taa, na kuiuza kama mashine ya kuovakloki.

Kwa upande wa Intel za kawaida sheria ni moja na si ngumu hata kidogo: unataka kupandisha kizidishi cha prosesa, unahitaji vitu viwili kwa pamoja, prosesa yenye K baada ya namba zake na chipseti inayoanza na Z. Ukikosa kimoja, umekosa. Hii ilianza Januari 2011 na Sandy Bridge, wakatoa P67 inayoruhusu ovakloki lakini huwezi kutumia grafiki iliyomo ndani ya prosesa, na H67 ambayo ni kinyume chake, watu wakalalamika, Mei mwaka huohuo ikaja Z68 ikaunganisha yote mawili, na tangu hapo Z ndo imekuwa ya wapandisha spidi: Z77, Z87, Z97, Z170, Z270, Z370, Z390, Z490, Z590, Z690, Z790 na sasa Z890. B na H zote, hata ziwe na hitisinki (kibati cha kupozea) kubwa namna gani na jina la kigemu namna gani, rasmi kizidishi haziruhusu. Nimeona mazabodi za B760 zimeandikwa gaming kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni.

Miaka ya nyuma haikuwa hivi jamani. Mwaka 1998 watu walikuwa wanachukua Celeron 300A, prosesa ya bei ya chini kabisa, wanaiweka kwenye mazabodi yenye chipseti ya 440BX, wanapandisha basi (bus, njia ya data kati ya prosesa na chipseti) kutoka 66 hadi 100 MHz na prosesa inatoka 300 inakwenda 450, inafukuzana na Pentium II ya bei kubwa. Pale ovakloki ilikuwa ni njia ya mtu asiye na hela kupata mashine ya mwenye hela. Hata i5-2500K ya 2011, ukiwa na P67 au Z68 ilikuwa inatoka 3.3 inakaa 4.5 bila kulalamika. Leo mambo yamegeuka, prosesa zinajipandisha zenyewe mpaka karibu na mwisho wa uwezo wake, unalipia mazabodi ya Z, unalipia K, unalipia kupozea kwa maji, alafu unapata asilimia chache tu ambazo kwenye gemu huzioni kwa macho. Hii ndo sababu naandika. Kijana wa Mbagala au Kimara anabana hela yake miezi kibao, anamaliza laki mbili, laki tatu za ziada kwenye chipseti ya Z kwa sababu kaambiwa gemu inahitaji ovakloki, mwisho anabakiwa na hela ya grafiki kadi dhaifu. Hela hiyo ingeenda kwenye grafiki kadi angeona tofauti siku hiyohiyo.

Kitu ambacho kweli kinaonekana, na hakuna anayewaambia, ni spidi ya RAM. Mtu ananunua RAM ya DDR4 imeandikwa 3200 au 3600, anachomeka, inakimbia 2133 au 2400 maisha yake yote kwa sababu hajaingia kwenye BIOS kuwasha XMP, mpangilio unaoiruhusu RAM ifike spidi iliyoandikwa. Kwa AMD mpya za DDR5 inaitwa EXPO. Na hapa chipseti inarudi tena: kwa Intel, mazabodi za B460 kurudi nyuma zilikuwa haziruhusu kupandisha RAM juu ya kiwango cha prosesa, ilipofika 2021 B560 wakafungua, na B660 na B760 nazo ziko wazi. H610 haijafunguliwa, ukiweka RAM ya 3600 inashuka 3200, na sloti za RAM zenyewe ni mbili tu. Kwa hiyo mtu mwenye i5-12400F kwenye H610 asinunue RAM ya bei ya juu, inatosha 3200 vipande viwili, viwili nasema si kimoja, maana kipande kimoja kinakula fremu zako kuliko chipseti yoyote.

Alafu kuna huu mtego wa soketi (kitako cha prosesa kwenye mazabodi) ya 1151 ambao umeshaliza watu wengi hapa mjini. Intel walitumia jina hilohilo na umbo hilohilo kwa vizazi viwili visivyoelewana. Prosesa za kizazi cha 6 na cha 7 ni za chipseti za H110, B150, Z170, B250, Z270 na ndugu zao. Za kizazi cha 8 na cha 9 ni za H310, B360, B365, Z370, Z390. Pini za umeme ziliongezwa na kupangwa upya. Unachukua i5-8400, ya kizazi cha 8, unaiweka kwenye B250, inaingia, inakaa, kibati kinafunga vizuri kabisa, ukiwasha feni zinazunguka na kioo cheusi. Muuzaji anasema prosesa imekufa, mwenye prosesa anasema mazabodi imekufa, wanagombana, na vyote vizima. Na sasa hivi hii itazidi kwa sababu Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha 8, ofisi za nje zinatoa mashine zao za kizazi cha 6 na 7 na tunajua mitumba huwa inaishia wapi. Ukinunua mazabodi peke yake na prosesa peke yake, namba ya chipseti ndo ya kwanza kuuliza.

Kwa AMD mambo ni mepesi kidogo na ndo maana mara nyingi nawashauri watu waende huko. Prosesa za Ryzen karibu zote kizidishi kiko wazi, kinachofunga ni chipseti zenye A. Soketi ya AM4, B350, B450, B550, X370, X470, X570 zote zinaruhusu. A320 na A520 haziruhusu kupandisha prosesa. AM5 ni hivyohivyo, B650, B650E, B850, X670, X870 zinaruhusu, A620 hairuhusu, na B840 nayo ingawa jina linaanza na B hairuhusu, hiyo muangalie sana maana wauzaji wataiweka pamoja na B850 kwenye tangazo moja. Kati ya B na X tofauti kubwa ni idadi ya poti na leni (njia za data), X670 kwa mfano ni chipu ileile ya B650 ila zimewekwa mbili. Huna SSD nne wala huna kadi za kurekodi, hiyo chipu ya pili inakaa tu.

Kuna sehemu moja ambayo chipseti inagusa gemu moja kwa moja na naomba hii msiikate. Grafiki kadi za RX 6500 XT na RX 6400 ni za bei nafuu na watu wanazipenda, lakini zina leni nne tu za PCIe, ile sloti ya kadi kwenye mazabodi, si kumi na sita. Ukiziweka kwenye mazabodi ya PCIe 4.0 kama B550 zinapumua. Ukiziweka kwenye B450 au A520 ambazo ni PCIe 3.0, njia inakuwa nusu, na kwa kuwa memori ya kadi ni 4GB tu, gemu ikijaza hiyo memori inaanza kuvuta data kupitia njia hiyo nyembamba na fremu zinaanguka, picha inakwama kwama kila ukigeuka. Na hata ukiwa na B550, ukiweka Ryzen 5 5500 au 5600G bado unarudi PCIe 3.0 maana prosesa hizo ndo zilivyo. Chukua 5600 ya kawaida. Hapa nimeona watu wanarudisha kadi nzima dukani wakidhani ni mbovu.

Sasa kwa yule ambaye kweli anataka ovakloki, anaipenda tu, na mimi namuelewa maana ni raha yake, basi ajue chipseti ni ruhusa tu, kazi yenyewe inafanywa na VRM, ile sakiti ya umeme inayoizunguka prosesa, mosfeti na koili na kapasita. Hii ndo inachukua volti 12 kutoka pawa saplai inazishusha mpaka volti moja na kitu kwa ampia nyingi sana. Mazabodi mbili zote zinaweza kuwa Z790, moja mosfeti ziko wazi hazina hata kibati, nyingine ina hitisinki nzito pande zote mbili, chipseti ni ileile lakini ile ya kwanza ukiibebesha i9-14900K inayokula mpaka wati 253 itapata moto na kuishusha prosesa spidi chini ya ilivyokuwa kabla hujaigusa. Na sisi hapa Dar, Januari na Februari chumbani ni nyuzi 32 au zaidi, haina AC, madirisha wazi, vumbi linaingia. Video mnazoangalia za ovakloki zinapigwa kwenye vyumba vya nyuzi 21. Kwa hiyo kabla ya kusoma jina la chipseti kwenye boksi, geuza boksi angalia picha ya mazabodi, tazama upande wa kushoto na wa juu ya soketi, kama mosfeti ziko uchi acha hiyo biashara. Prosesa yangu ninayoipendekeza kwa gemu tupu kwa mazingira yetu ni hizi za AMD za X3D, zenye kashe (memori ya ndani ya prosesa) kubwa zaidi, 7800X3D kwa mfano kizidishi chake kimefungwa, haina hata sababu ya X670, unaiweka kwenye B650 ya maana, unawasha EXPO, unapunguza volti kidogo kwa Curve Optimizer, inakula umeme mdogo na uniti za LUKU zinakaa.

Tusisahau BIOS. Mazabodi nyingi za B450 zilizotoka 2018 hazitaitambua Ryzen ya 5000 mpaka BIOS isasishwe, na kusasisha BIOS ni dakika chache ambazo umeme haupaswi kukatika kabisa, na sisi tunajua hali ya umeme wetu. UPS ni lazima kwa kazi hii. Lakini bora zaidi chagua mazabodi yenye kitufe cha BIOS Flashback nyuma, unaweka faili kwenye flashi, unabonyeza, inajiandika yenyewe hata prosesa ikiwa haipo, na umeme ukikatika katikati unaanza upya bila kulia. B550 na B650 nyingi zinayo. Kwangu hicho kitufe kina thamani kuliko herufi X au Z.

Na zile mazabodi za Kichina zinazoitwa X99 na X79, zinazokuja na Xeon (prosesa za seva) za mtumba kutoka Guangzhou. Bei ni nzuri kweli na kwa kazi za kurenda video sina tatizo nazo. Lakini jina X99 kwenye nyingi ya hizo ni la kwenye boksi tu, chipu iliyomo ndani ni iliyotolewa kwenye mazabodi zilizokufa, unakuta ni B85, H81, Q87 au C612. Na Xeon nyingi zinazokuja nazo, kama E5-2670 v3, kizidishi kimefungwa. Ukiambiwa hiyo ni mashine ya kuovakloki, omba muuzaji afungue CPU-Z mbele yako kabla hujatuma M-Pesa.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni dogo. Mkiandika habari ya kompyuta ya gemu, mkipokea na matangazo ya maduka, wekeni sehemu ya jina la mazabodi na chipseti kama mnavyoweka RAM na SSD. Muuzaji mkweli hatopata shida kuijaza. Hata asiyejua, atalazimika kufungua mashine yake aangalie, na hapo hata yeye atajua anauza nini. Na mkiona inafaa, siku moja muwaite mafundi watatu wanne tukae tuwaandalie ukurasa mzima, mimi nitakuja bure.

La mwisho, nawaandikia hasa wale ambao tayari wanazo. Kama mashine yako ni Intel ya kizazi cha 13 au 14, zile i9 na i7 hata zisizo na K, na zile i5 za K, iwe kwenye Z690, Z790 au B760, nenda kwenye tovuti ya aliyetengeneza mazabodi yako ushushe BIOS mpya leo, hakikisha ni ya kuanzia Septemba 2024, yenye microcode (maelekezo ya ndani ya prosesa) 0x12B au inayofuata. Prosesa hizo zilikuwa zinaomba volti nyingi kupita kiasi na kuharibika polepole, gemu inajifunga yenyewe, inaleta ujumbe wa memori ya grafiki kuisha wakati grafiki kadi ni nzima. BIOS mpya inazuia uharibifu, haiponyi iliyoharibika. Intel wameongeza miaka miwili ya waranti kwa ajili hiyo, kwa hiyo boksi na risiti usitupe, na ukinunua ya mtumba dai uoneshwe inacheza gemu nzito saa nzima mbele yako. Wenye AM5 za X3D nao wasibaki na BIOS za kabla ya Mei 2023, maana kabla ya AMD kuweka kikomo cha volti 1.30 kwenye SoC, sehemu moja ya ndani ya prosesa, kuna zilizoungua pamoja na soketi. Anayeogopa kufanya mwenyewe amtafute fundi aliye karibu naye mwenye UPS.

Ahsanteni kwa kunisoma.

Fundi wa kompyuta,
Kariakoo, Dar es Salaam